Kumpeleleza Bata Mzinga wa Mwituni katika Vilima vya Ozark

Kusini mwa jimbo la Missouri, karibu na kitovu cha Marekani, kuna nyanda za juu za kale ziitwazo Ozark, ambazo kwa macho ya mgeni ni vilima visivyokwisha vya mialoni na misonobari, vikikatwa na mabonde membamba na mito yenye maji ya kijani, lakini ambazo kwa mwindaji wa bata mzinga wa mwituni ni nchi yenye miti ya kulala, viwanja vya kutambia, mahali pa kupekua chakula na njia ambazo ndege huyo huzipita kwa saa zinazoweza kujulikana. Makala haya yanafuata safari ambayo wawindaji wa huko huifanya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kabla msimu wa uwindaji wa majira ya machipuko haujafunguliwa, safari wanayokwenda bila bunduki, kwa lengo la kuona, kusikiliza na kukumbuka. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa hapa upelelezi, na ingawa vitabu vingi vya uwindaji huipa sura moja fupi kisha vikaharakia ufundi wa kuiga milio na uteuzi wa silaha, mwandishi wa makala haya anaiona kuwa ndiyo uwindaji wenyewe, kwa sababu bata mzinga hupatikana zaidi na mtu aliyejiweka mahali ambapo ndege alikwisha kukusudia kupita kuliko na mtu anayejaribu kumgeuza nia kwa sauti.

Msafiri atokaye St. Louis hushika barabara kuu ya kusini-magharibi hadi mji mdogo wa Cuba, ambapo huachana na malori na kuingia barabara namba 19, ambayo hujipinda kupitia Steelville na Salem, huvuka mto Current penye chemchemi ya Round Spring, huvuka tena mto Jacks Fork mjini Eminence, na hatimaye hufika Winona, ambako misitu ya umma imeuzunguka mji karibu kila upande. Kingo za mito hiyo miwili zililindwa kwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1964, na sehemu kubwa ya vilima vya jirani ni mali ya msitu wa taifa wa Mark Twain au ya idara ya jimbo inayosimamia wanyamapori na misitu, kwa hiyo mtu asiye na shamba wala rafiki mwenye shamba anaweza kuwinda huko kwa kibali tu, jambo ambalo katika majimbo yenye ardhi nyingi ya watu binafsi si rahisi. Miamba ya sehemu hiyo ni ya jamii ya chokaa iliyotobolewa na maji kwa muda mrefu, hivi kwamba mvua huzama upesi ardhini na kutokea mabondeni kama chemchemi, miongoni mwake ikiwemo Big Spring iliyo karibu na mji wa Van Buren, ambayo ni moja ya chemchemi kubwa kabisa za Marekani. Matokeo yake ni nchi ya migongo mirefu mikavu inayotenganishwa na mabonde ya kina, na itaonekana mbele kidogo kwamba umbo hilo la ardhi ndilo linaloamua ndege atalala wapi, atashukia wapi, na sauti yake itamdanganya msikilizaji kwa kiasi gani.

Mashariki ya Winona kuna eneo la Peck Ranch, lenye ukubwa wa zaidi ya hektari 9,000, ambalo kila mpelelezi wa bata mzinga katika Missouri anapaswa kulijua hata kama hatawinda humo, kwa sababu historia ya ndege huyu katika jimbo hilo haielezeki bila kulitaja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya mbao yalikata misonobari ya vilima hivyo karibu yote, yakaisafirisha kwa reli, kisha yakaondoka, yakawaachia wakulima maskini udongo wa mawe ambao waliuchoma moto kila mwaka ili kupata majani ya ng'ombe na nguruwe waliozurura bila uzio. Mabata mzinga waliokuwa wengi katika msitu wa zamani walipoteza chakula, viota na maficho kwa wakati mmoja, na kwa kuwa waliwindwa pia kwa ajili ya chakula na kuuzwa sokoni bila kikomo chochote kilichoheshimiwa, kufikia katikati ya karne ya 20 walibaki makundi madogo yaliyotawanyika katika vilima visivyofikika kwa urahisi.

Jibu la kwanza la serikali lilikuwa la kufuga. Maelfu ya ndege waliolelewa katika mabanda, wengi wao wakiwa wamechanganyika damu na bata mzinga wa kufugwa, waliachiliwa msituni, na takriban wote walitoweka. Aliyeeleza sababu kwa ukamilifu zaidi ni A. Starker Leopold, mwana wa mwanaikolojia mashuhuri Aldo Leopold, ambaye alifanya kazi Missouri na kuchapisha mwaka 1944 utafiti uliolinganisha ndege wa asili na hao chotara, akaonyesha kwamba umwitu ni jambo la kurithi: ndege wa asili walikuwa na ubongo na tezi fulani kubwa zaidi kwa kulinganisha na miili yao, ilhali machotara waliwahi mno kuanza kuzaliana, na vifaranga wao hawakuitikia hatari kwa namna iliyowafaa porini. Utafiti huo wa Leopold una thamani kwa mwindaji kuliko miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya wawindaji, kwa kuwa unaeleza ni kiumbe wa aina gani anayetafutwa vilimani humo, yaani mzao wa wale wachache ambao hawakukamatika, aliyechujwa na vizazi vya watu wenye njaa na wanyama wala nyama.

Njia iliyofaulu ilikuwa ya kukamata ndege wa porini wenyewe na kuwahamishia mahali pengine. Ilihitaji chombo, na chombo hicho kilikuwa wavu unaorushwa kwa baruti juu ya ndege wanaokula chambo, ambao ulianza kutumika kwa bata mzinga huko South Carolina mwaka 1951. Missouri ilianza kazi yake mwaka 1954, Peck Ranch ikawa ghala la ndege wa kuhamishwa, na mwaka 1960 uliruhusiwa msimu wa kwanza wa kisasa wa majira ya machipuko, wa siku 3 tu na katika kaunti 14, ambamo waliuawa ndege 94. Baadaye jimbo hilo lilipata ziada ya kuwapa wengine, kiasi kwamba mwaka 1976 liliipatia Wisconsin bata mzinga kwa kubadilishana na ndege wa msituni wa jamii ya kwale. Fedha za kazi kama hizi zilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa bunduki na risasi uliotengwa kwa uhifadhi na sheria ya shirikisho ya mwaka 1937, na hivyo mwindaji wa Marekani, apende asipende, amekuwa mlipaji wa uhifadhi kila aingiapo dukani.

Ndege mwenyewe anahitaji maelezo, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua bata mzinga wa bandani, mzito, mwepesi wa kuzoea watu, na mara nyingi mweupe. Wa mwituni, ambaye ni spishi ileile iliyofugwa kwanza na watu wa Meksiko ya kale, ana rangi ya kahawia iliyokoza inayong'aa kama shaba juani, miguu mirefu, mwili mwembamba na uwezo wa kuruka kwa kasi ya gari barabarani, japokuwa hupenda zaidi kukimbia. Dume wa Ozark, ambaye ni wa nususpishi ya mashariki, huwa na uzito wa kilo 8 hadi 10 na jike takriban nusu ya hapo. Dume ana kichwa kisicho na manyoya kinachobadilika kati ya nyekundu, nyeupe na buluu kulingana na hisia zake, ana kipande laini cha nyama kinachoning'inia juu ya mdomo, ana ndevu kifuani, ambazo kwa kweli ni manyoya yaliyogeuka kuwa kama nywele, na ana kipi, yaani mwiba wa mguuni, unaorefuka kadiri anavyozeeka. Msomaji aliyewahi kuwaona kanga wakipanda mgunga wakati wa magharibi, wakigombea matawi kwa kelele kabla ya giza kuingia, ana nusu ya picha ya maisha ya ndege huyu. Nusu ya pili ni macho. Macho ya bata mzinga yamekaa pembeni mwa kichwa, na kwa kugeuza shingo kidogo tu huona pande zote, huona rangi vizuri kuliko binadamu, na hutambua mwendo mdogo kabisa kwa umbali ambao mtu asingedhani unahusika. Pua yake, kinyume chake, si ya kuhofiwa, na wawindaji wa Ozark husema kwa utani wa kweli kwamba kama bata mzinga angekuwa na pua ya paa, hakuna mtu ambaye angewahi kumla.

Upelelezi wa mchana huanza kwa kutembea taratibu juu ya migongo ya vilima, na katika Peck Ranch mahali pazuri pa kuanzia ni miteremko ya mlima Stegall, wenye nyanda za mawe wazi zilizorejeshwa kwa kuchoma moto uliopangwa, kwani moto wa namna hiyo, unaowashwa na wataalamu katika hali ya hewa iliyochaguliwa, husafisha vichaka na kuleta majani machanga na wadudu ambao bata mzinga huwapenda. Alama ya kwanza kuonekana kwa kawaida ni mapekuzi. Kundi linalotafuta matunda ya mialoni yaliyoanguka tangu majira ya kupukutika hugeuza takataka za majani kwa miguu, mguu mmoja kisha mwingine, na kila ndege huacha nafasi tupu yenye umbo la pembetatu ambayo majani yake yamesukumwa nyuma, hivyo kwamba mtu akitazama kwa makini rundo la majani liko upande gani anaweza kusema kundi lilikuwa linaelekea wapi. Kama udongo ulioachwa wazi bado una unyevu na ule wa pembeni umekauka, mapekuzi ni ya asubuhi hiyo. Kama majani makavu yamekwisha kupeperushwa ndani yake, ni ya zamani na hayana ushauri wa kutoa zaidi ya kwamba ndege wapo katika nchi hiyo.

Alama nyingine hutofautisha dume na jike, na hapo ndipo upelelezi unapoanza kuwa na faida, kwa sababu kwa kawaida sheria ya machipuko humruhusu mwindaji kuua ndege mwenye ndevu tu. Wayo wa dume mkubwa una urefu unaopita sentimita 11 na kidole cha kati kilichozidi vingine waziwazi, nao huonekana vizuri katika matope ya barabara za msituni zilizotumiwa na wakata miti. Kinyesi cha dume huwa kirefu chenye ncha iliyopinda kama ndoana, ilhali cha jike hujikusanya mviringo. Manyoya ya kifua ya dume huishia kwa ukingo mweusi na ya jike kwa ukingo wa kahawia hafifu. Mahali penye vumbi laini, chini ya gogo lililooza au kando ya barabara, panaweza kuwa na vishimo ambamo ndege huoga vumbi ili kuondoa wadudu wa mwilini, na vishimo hivyo hutumiwa mara kwa mara hasa na majike. Lakini alama inayomfurahisha mpelelezi kuliko zote ni mistari miwili sambamba iliyochorwa mchangani kila upande wa nyayo, kwa maana inatokana na ncha za mbawa za dume aliyekuwa akitamba. Kutamba ni onyesho ambalo dume huinua mkia ukawa kama kipepeo kilichokunjuliwa, hutunisha manyoya ya mwili mzima, hushusha mbawa hadi zikagusa ardhi, na kutoa sauti ya chini sana ambayo binadamu huisikia akiwa karibu tu. Dume hatambi popote. Huchagua uwazi unaomwezesha kuonekana, kama vile makutano ya barabara za zamani, shamba dogo la klova ya malisho, au bega la mgongo wa kilima lisilo na vichaka, na akishapachagua hurudi siku baada ya siku, mara nyingi katika saa zilezile.

Hayo yote, hata hivyo, ni maandalizi ya asubuhi. Mpelelezi huamka kabla ya alfajiri na kusimama juu ya mgongo mrefu, mahali ambapo anaweza kusikia mabonde mawili au matatu kwa pamoja, kwa kuwa dume hulia akiwa bado mtini, tangu mwanga wa kwanza hadi anaposhuka, na asubuhi tulivu isiyo na upepo mlio wake husikika umbali wa kilomita moja na zaidi. Mlio huo, unaoporomoka kwa haraka kwa muda wa kama sekunde moja, kazi yake ni kuwatangazia majike mahali alipo. Dume huyo hata hivyo hana uwezo mkubwa wa kuzuia mlio wake anaposhtuliwa na sauti kubwa, na ndiyo maana wawindaji huiga sauti ya bundi wa misitu hiyo au ya kunguru ili kumfanya ajibu bila kujua kwamba amejibu, kisha wakaondoka na siri yake. Kuhukumu umbali ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika vilima visivyo na majani, mlio wa dume aliye upande wa pili wa bonde unaweza kuonekana kuwa uko hatua mia mbili tu, na akigeuza kichwa upande mwingine huonekana amehama. Majuma mawili baadaye, mialoni ikishachanua, ndege aliye karibu husikika kama yuko mbali, na watu wengi huharibu mwindo wa kwanza kwa kumsogelea kupita kiasi kwa sababu ya kosa hilo la masikio.

Msikilizaji mwenye subira hapigi hesabu ya milio peke yake, bali hufuatilia mlio baada ya ndege kushuka. Milio ya mtini inaonyesha mahali pa kulala. Milio ya ardhini, ambayo huwa michache na yenye mwangwi mdogo, inaonyesha njia, na njia ndiyo inayotafutwa. Dume akishashuka huelekea kwa majike, na majike hawaelekei kwake tu bali pia mahali pa kula, kwa hiyo mtu anayejua majike wanakula wapi saa mbili asubuhi anajua dume atakuwa wapi saa hiyo hata kama hajatoa sauti tangu jua lichomoze. Kuanzia katikati ya Aprili majike huanza kutaga, yai moja karibu kila siku hadi 10 au 12, na katika siku hizo huondoka kundini kwenda viotani, ambavyo ni vishimo vidogo tu ardhini chini ya kichaka au kando ya gogo, wakamwacha dume peke yake kuanzia katikati ya asubuhi. Jike akishaanza kuatamia, kazi ya siku 28, dume hubaki mpweke kwa muda mrefu zaidi na milio huongezeka kwa mara ya pili katika msimu. Kilele cha kwanza cha milio, kile cha wakati makundi ya majira ya baridi yanapovunjika na madume wanapogombea ukubwa, huwafurahisha wapelelezi wa mwezi Machi na mara nyingi huwapotosha, kwa maana ndege hao bado wako katika makundi ya baridi yaliyokusanyika penye chakula, na wengi watakuwa wamehamia kilomita kadhaa kutoka hapo siku ya ufunguzi. Ndiyo sababu upelelezi wa majuma mawili ya mwisho una uzito kuliko wa miezi miwili iliyotangulia.

Ugomvi wa ukubwa una sura ambayo imewavutia wanasayansi pia. Madume waliozaliwa pamoja mara nyingi huishi pamoja na kutamba pamoja mbele ya majike, ingawa ni mmoja tu anayepanda, na mwaka 2005 Alan Krakauer, kwa kutumia vipimo vya urithi vya ndege wa California, alionyesha kwamba wasaidizi hao ni jamaa wa karibu wa yule mkubwa, na hivyo hufaidika kwa damu yao kuendelea kupitia kwake. Kwa mpelelezi maana ya jambo hilo ni ya kawaida sana: madume wawili au watatu wanaosikika mahali pamoja kila asubuhi si wapinzani wanaopita, bali ni kikundi cha kudumu, na yupo mmoja kati yao anayeamua kikundi kinakwenda wapi.

Kuhusu kuiga mlio wa jike wakati wa upelelezi, ushauri wa wawindaji wazee wa Ozark ni mmoja na hauna masharti: usifanye. Vyombo vya kuigia ni vingi, kuanzia mfupa wa bawa unaonyonywa kwa mdomo, ambao watu wa asili wa bara hilo waliutumia tangu zamani, hadi kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa, ambacho Henry Gibson wa Arkansas alipewa hataza yake mwaka 1897, na kishawishi cha kuvijaribu pale dume anapolia karibu ni kikubwa. Lakini katika maumbile dume huita na jike huenda. Mwindaji anayeiga jike anamwomba dume apindue desturi hiyo, ombi ambalo hukubaliwa mara chache na dume aliyewahi kulitii akakuta mtu badala ya jike. Tafiti za Michael Chamberlain na wenzake katika misitu ya kusini-mashariki, ambao walitumia mashine za kunasa sauti na vifaa vya kufuatilia mienendo ya ndege, zimeonyesha kwamba milio hupungua kwa kiasi kikubwa mara wawindaji wanapoingia msituni. Kila anayemwita ndege kabla ya msimu kwa kujifurahisha anaanza msimu huo mapema, na kwa hasara ya wote.

Alasiri, safari hushuka kuelekea mto Current. Kando ya mito hiyo kuna mikuyu ya Marekani, miti mirefu yenye magome meupe yanayobanduka, ambayo matawi yake mlalo huning'inia juu ya maji, na bata mzinga huipenda kwa sababu mnyama anayepanda mti huo usiku hulazimika kutikisa tawi. Vilimani hulala katika misonobari na mialoni mikubwa iliyo theluthi ya juu ya mteremko, mara nyingi upande uliokingwa na upepo, na huruka kutoka juu ya mgongo hadi matawini kwa mlalo badala ya kupanda kwa shida kutoka chini. Mpelelezi huketi mbali, huusikiliza mpapatiko mzito wa mbawa wakati jua linapotua, na huhesabu. Chini ya mti wenyewe haendi hadi mchana, ndege wakiwa wameondoka, na huko kinyesi na manyoya yaliyoanguka humwambia kama mti hutumiwa kila siku au ulitumiwa mara moja tu. Kupe wa majira hayo ni wengi kuliko inavyostahimilika, na nyoka wa kahawia mwenye sumu aitwaye copperhead huanza kutoka mawe yakipata joto, kwa hiyo kuketi kwenyewe kunahitaji uchaguzi.

Sheria za Missouri zinafanya ujuzi huu wote uwe wa lazima. Msimu wa machipuko hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili au karibu nayo, hudumu majuma matatu, na mwindaji anaruhusiwa ndege wawili, mmoja tu katika juma la kwanza. Hairuhusiwi kumwekea ndege chambo, na mahali palipowekwa chambo huhesabiwa kuwa haramu kwa siku 10 hata baada ya chambo kuondolewa kabisa. Vyombo vya umeme vinavyotoa milio haviruhusiwi. Na silaha ni upinde au bunduki ya marisau, yenye marisau madogo yasiyopita ukubwa uliowekwa, ambayo kwa wengi hufanya kazi ya uhakika ndani ya mita 35 au 40. Peck Ranch ina sehemu iliyotengwa na masharti yake, ambayo mgeni hupaswa kuyasoma kabla ya kuingia. Mavuno ya machipuko ya jimbo hilo yalifikia kilele cha zaidi ya ndege 60,000 mwaka 2004 na kisha yakashuka sana, hasa kwa sababu vifaranga waliofaulu kukua kwa kila jike walipungua. Vifaranga hula wadudu karibu pekee katika majuma yao ya mwanzo, na mvua baridi ya mwezi wa sita au ukosefu wa majani mafupi yenye wadudu huwaua wengi kabla hawajaweza, wakiwa na umri wa takriban wiki mbili, kuruka hadi tawini. Ndiyo maana wawindaji wa Ozark walizipokea kwa furaha nyenje zinazoibuka kila baada ya miaka 13, ambazo zilitoka kwa mabilioni mwaka 2024, chakula tele kwa mama na wanawe, na kwa kuwa dume wa miaka miwili ndiye mwenye kelele nyingi kuliko wote, hesabu zao zilikwisha kuutazama msimu wa 2026.

Mwisho wa upelelezi ni uamuzi kuhusu mti mmoja wa kuegemea. Mti huo uwe mpana kuliko mabega ya mwindaji, ili umfiche na kumkinga na mwindaji mwingine asiyemwona. Uwe kati ya mti wa kulala na kiwanja cha kutambia, kwenye kimo sawa na ndege au juu yake kidogo, kwani bata mzinga hupendelea kupanda kuelekea sauti kuliko kuiteremkia. Na kati yake na ndege kusiwe na kijito, uzio wala kichaka kizito, vitu ambavyo ndege angeweza kuviruka kwa urahisi lakini ambavyo mara nyingi humfanya asimame na kungoja jike amfuate. Mavazi hayawi na rangi nyekundu, nyeupe wala buluu, rangi za kichwa cha dume, na hakuna anayeufuata kwa kunyatia mlio anaousikia, kwa kuwa mlio huo unaweza kuwa wa mtu. Katika ardhi ya umma uwindaji wa kila siku hukoma saa saba mchana, na wawindaji wenye busara, baada ya kula na kulala kidogo, hurudi juu ya migongo jioni ileile bila bunduki, kwa sababu dume ambaye hakuja asubuhi atapanda mti fulani wakati wa magharibi, na si lazima uwe mti wa jana.